Anza na sufuria ya maharage

Swali: Shikamoo. Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, katika vyumba viwili vya kupanga, pamoja na mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Mwaka huu mpya nimeazimia tuishi kwa namna isiyoharibu mazingira, lakini kila ushauri ninaokutana nao unanitaka ninunue kitu: mirija ya chuma, mswaki wa mianzi, sola, hata gari la umeme. Sisi tunapikia mkaa, na gesi kidogo, na mkaa peke yake unatugharimu shilingi 2,500 kwa siku. Nimeweka kando shilingi 60,000 kwa ajili ya jambo hili. Nianze na lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelipenda swali lako kwa sababu limekuja na hesabu zake, na hesabu hizo ndizo zinazonipa jibu: anza na sufuria ya maharage. Wala sifanyi mzaha. Katika nyumba ya watu sita inayopikia mkaa, sioni tabia nyingine ya kila siku, iwe ya mifuko, ya taa, ya nguo au ya usafiri, inayoyala mazingira kama ile ya kubandika maharage au makande saa tisa alasiri na kuyaacha yatokote hadi magharibi. Ukiirekebisha sufuria hiyo peke yake, pasipo kugusa kitu kingine chochote nyumbani, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko mtu aliyebadili mirija ya mtaa mzima.

Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue kwamba mkaa wako wa siku moja una uzito wa kilo 2. Ni vyema uupime mara moja kwa mizani ya dukani, kwa maana makopo ya wauzaji hayalingani. Kilo 2 kwa siku ni kilo 730 kwa mwaka. Mkaa huo huchomwa katika tanuri la asili, lile la kupanga magogo, kuyafunika kwa majani na udongo, na kuyaacha yaungue polepole kwa siku kadhaa, na tanuri la namna hiyo huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Tukichukua kilo 7, ambazo si nyingi wala si chache, jiko lako linakula zaidi ya tani 5 za miti kila mwaka, miti ya miyombo inayotoka Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi. Kibaya zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya joto lililokuwamo ndani ya mti hupotelea kule kule msituni wakati wa kuchoma, na joto linalobaki likifika nyumbani, jiko la bati la kawaida hupeleka kwenye sufuria robo yake hivi, pengine pungufu. Mrija mmoja wa plastiki, kwa upande wake, haufiki hata gramu moja. Sisemi mirija haina madhara baharini. Ninasema kwamba mwenye shilingi 60,000 hana budi kujua kilo ziko wapi na gramu ziko wapi.

Niungame jambo hapa. Kwa miaka mingi, nikiwa tayari nimeajiriwa kuwafundisha watu matumizi bora ya nishati, sikuweza kurudi safari ya Morogoro bila kusimama njiani mahali yalipopangwa yale magunia ya mkaa yaliyofungwa lumbesa kwa kamba na kufunikwa majani kwa juu. Nilikuwa nikijiambia kwamba ule ni wa bei nafuu, na ndivyo ulivyokuwa. Ndiyo maana siwezi kumnyooshea kidole mama wa nyumbani, wala yule mchoma mkaa ambaye mara nyingi ana shamba lisilomtosha kula na hana chanzo kingine cha fedha taslimu. Mkaa umekaa mijini kwa sababu unauzwa kwa kopo, na kopo hulingana na mfuko wa siku moja.

Sasa, kwa nini maharage na si wali au chai? Kwa sababu mkaa hauna swichi. Ukishauwasha huna namna ya kuupunguza kama unavyopunguza gesi, na chakula kinachohitaji saa mbili au tatu hukulazimisha kujaza jiko, kisha kuongezea, kisha kubaki na moto mkubwa ambao hauna kazi baada ya chakula kuiva. Katika nyumba nyingi nilizoingia nimekuta mtungi wa gesi wa kilo 6 umekaa pembeni, safi, na nilipouliza nikaambiwa ni wa chai na mayai ya asubuhi tu, kwa kuwa gesi inatunzwa isiishe. Matokeo yake ni kwamba mapishi mafupi huenda kwenye gesi na mapishi marefu hubaki kwenye mkaa, kwa hiyo gunia hupungua kidogo sana ingawa mtungi umenunuliwa. Nadhani hata kwako ndivyo ilivyo.

Hatua ya kwanza haina gharama. Loweka maharage usiku, kwa muda wa saa 8 hadi 12, katika maji mengi, kisha uyamwage maji hayo na kupika kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza sana muda wa kuiva, na pengine tofauti inaweza kufikia nusu. Ninajua wengine hutia magadi ili yalainike upesi. Magadi yanalainisha kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini za kundi B, hasa B1, ambayo ni sababu mojawapo ya sisi kula maharage, kwa hiyo ukiweza kuloweka huna haja nayo.

Hatua ya pili itakugharimu kazi ya mchana mmoja. Tafuta kapu kubwa au boksi gumu, ulitandike ndani kote, chini na pembeni, kwa sponji kuukuu, vipande vya blanketi au nguo zisizovalika tena, kwa unene wa vidole vinne hivi, halafu ushone mto wa kufunika juu. Sufuria ikishachemka vizuri, uifunike sawasawa, uiingize humo ikiwa ya moto na uiache. Wali huivia humo wenyewe katika muda wa saa moja hivi, na maharage yaliyolowekwa na kuchemshwa humalizikia humo kwa saa kadhaa bila moto wowote. Hapo kwenye maharage nina onyo moja ambalo naomba usilipuuze: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali tu, na joto la wastani haliiondoi. Yaache yatokote kwa nguvu kwa nusu saa nzima kabla hujayaingiza kapuni, na yakitoka, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kupakua.

Hatua ya tatu ndiyo itakayohitaji fedha, nayo ni jiko la presha la umeme. Ndani yake mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo maji huchemka katika joto linalozidi nyuzi 110 badala ya 100, na maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya dakika 30 au 40. Kwa kuwa limefungwa na lina kinga ya joto kuta zote, umeme hauwaki muda wote. Jiko la wati 1,000 linalopika maharage ya nyumba moja hutumia takriban uniti 0.3 hadi 0.5. Soma risiti yako ya LUKU uone uniti moja unainunua kwa kiasi gani. Kwa wateja wengi wa kawaida wa Dar es Salaam hesabu ya nusu uniti haijafika shilingi 200. Linganisha na mkaa uliotumika juzi kupika maharage hayo hayo.

Jiko hilo kwa kawaida huuzwa zaidi ya shilingi 100,000, kwa hiyo 60,000 zako hazitoshi, lakini zimevuka nusu ya njia, na zilizobaki zinaweza kutoka kwenye mkaa wenyewe. Tuseme kwamba kuloweka na kapu vitakushusha kutoka shilingi 2,500 hadi 2,000 kwa siku: hizo ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na kabla masika hayajaisha utakuwa umefika. Kama uko kwenye kikoba au mchezo wa upatu, zamu yako ikifika ndiyo wakati wake. Utakaponunua, chagua lenye sufuria ya ndani ya lita 6 kwa watu sita, na uulize mapema kama ringi ya mpira ya mfuniko inapatikana kwa kununuliwa peke yake, kwani ndiyo huchakaa kwanza. Nimeona majiko mazima yametupwa juu ya kabati kwa kukosa ringi tu. Usijaze maharage zaidi ya nusu ya sufuria, maana povu lake huweza kuziba tundu la mvuke.

Umeniambia mnapanga, na ninahisi mita ni moja kwa wapangaji wote. Ugomvi unaotokana na mita ya pamoja ninaufahamu, na mara nyingi anayesemwa ni yule aliyeleta kifaa kipya. Kabla hujalichomeka, waeleze wenzako kwamba ukipika kila siku kwa nusu uniti ni uniti 15 kwa mwezi, na kwamba pasi nayo huvuta umeme mwingi. Ikiwezekana, mwenye nyumba akubali mita ndogo kwa kila mpangaji. Na kama mita yenu iko katika kundi la wateja wadogo wenye bei nafuu, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, angalieni msikivuke, kwa kuwa bei ya uniti zinazozidi hapo ni kubwa.

Huenda ukauliza kama umeme wenyewe ni safi. Umeme wa gridi yetu hutokana kwa sehemu kubwa na maji na gesi asilia ya Songosongo na Mnazi Bay, na tangu Februari 2024, mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuingia mmoja baada ya mwingine, sehemu ya maji imeongezeka sana. Bwawa hilo nalo lina gharama zake kwa mto na msitu, na sitaki kuzificha. Hata hivyo, maharage yaliyopikwa kwa nusu uniti ya umeme huo yana madhara madogo mno yakilinganishwa na yale ya mkaa. Gesi ya mtungi ni mafuta ya kisukuku na huagizwa kutoka nje, lakini nayo ni nafuu kwa misitu na kwa mapafu yako, kwa hiyo acha kuitunza kama dawa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo litafikiwa au litakwama hapo kwenye mapishi marefu, kwa sababu yale mafupi tayari yamehama.

Mama mkwe wako nadhani atakuwa na la kusema, na ana haki. Wali wa nazi uliopaliwa makaa juu ya mfuniko una harufu na ukoko ambao jiko la umeme halitakupa, na mwanamke aliyelea familia nzima kwa chakula hicho hapaswi kuambiwa na mkwe wake kwamba amekuwa akiharibu dunia. Mwachie wali wa Jumapili. Mkaa unaowashwa mara moja kwa wiki kwa sababu ya ladha si tatizo la nchi hii. Tatizo ni ule unaowashwa kila siku kwa mazoea. Mshirikishe badala yake katika kapu, maana wazee wengi waliwahi kuviringisha chungu kwa blanketi kabla hatujazaliwa, na inawezekana akakufundisha wewe.

Kuhusu mkaa mbadala, swali ninaloulizwa kila mara, uliza umetengenezwa kwa nini. Ule wa vifuu vya nazi, pumba za mpunga au vumbi la mkaa ni jambo jema, kwa kuwa unatumia kilichokuwa kinatupwa. Upo pia uliotengenezwa kwa makaa ya mawe. Huo unanusuru miti lakini unabaki kuwa makaa ya mawe. Wote, na mkaa wa kawaida pia, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, ambayo huua watu waliolala. Jiko lisilale chumbani hata likionekana limezimika, na mwezi wa Julai kunapokuwa na baridi onyo hili urudie kwa watoto. Jiko banifu la udongo nalo ni zuri kwa siku zako za mkaa, ilimradi ukague kama udongo umeshikamana na bati. Lenye ufa usilinunue hata likipunguzwa bei.

Baada ya maharage, mlaji mwingine wa mkaa ni maji ya kunywa, na hapa wengi hupoteza bila kujua. Maji hayahitaji kutokota kwa dakika ishirini. Yakianza kuchemka kwa mapovu makubwa, ule mchemko wa kweli, vijidudu vimekwisha kufa. Yaache dakika moja, uipue, uyafunike, yapoe katika chombo hicho hicho. Kwa birika la umeme, lita moja inahitaji kama sehemu ya kumi ya uniti. Wakati wa kiangazi, kama sasa, kuna njia isiyotumia moto kabisa: maji maangavu, yasiyo na tope, yatiwe katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zilazwe juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6, na siku za mawingu ziachwe siku mbili. Miale ya jua huua vijidudu, ingawa haiondoi chumvi wala kemikali. Kwa mtoto mchanga au mgonjwa, mimi ningebaki na kuchemsha.

Kuna tabia moja ambayo ningependa uiache leo, na ungeweza kuiona ndogo. Saa kumi na mbili jioni, katika korido za nyumba zetu, mtu huchukua kipande cha mfuko au chupa ya plastiki, akakiwasha kwa kiberiti na kukidondoshea katikati ya mkaa ili ushike moto. Kile kipande hujikunja, hudondosha matone yanayowaka, na hutoa moshi mweusi wenye harufu kali ambao watoto waliochuchumaa karibu huuvuta wote. Plastiki inayoungua namna hiyo hutoa masizi na gesi zenye sumu, na baadhi ya aina zake, hasa zile zenye klorini, hutoa dayoksini, sumu ambayo hukaa mwilini kwa miaka. Tumia makumbi ya nazi yaliyokauka, au kifuu kilichopasuliwa. Mbagala hukosi muuza nazi atakayekupa bure. Kwa sababu hiyo hiyo, taka za plastiki zisichomwe uani. Chupa zikusanye katika kiroba na umpe muokota chupa anayepita, ambaye huziuza kwa kilo.

Mifuko sitaikawilia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na ile mifuko mbadala iliyochukua nafasi yake, inayoonekana kama kitambaa, kwa kweli nayo ni plastiki. Faida yake inatokana na kurudiwa mara nyingi. Ukinunua mpya kila uendapo sokoni, umerudi ulikotoka. Kikapu cha ukili hudumu, na khanga yako ukiifunga fundo hubeba mchicha na nyanya bila shida.

Maganda na mabaki ya chakula yanastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa taka za nyumbani kwetu. Yakipelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi yakarundikwa na kukosa hewa, huoza na kutoa methani, gesi inayopasha joto anga kwa nguvu kuliko kaboni dayoksaidi. Na kama mzoa taka hajapita, huishia mtaroni. Katika ua wa kupanga huwezi kuchimba shimo, lakini ndoo kuukuu yenye matundu chini na pembeni inatosha: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au udongo, unyevu kidogo, na kukoroga mara moja kwa wiki. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji ya kupandia mchicha katika viroba. Nyama na samaki visiingie humo, panya watakusumbua. Kama jirani anafuga mbuzi, maganda ya viazi na ndizi ampe mbuzi wake na suala limekwisha. Kiporo kiliwe asubuhi, ila wali usilale nje usiku kucha katika joto la pwani.

Mambo mengine unayoyafanya tayari ni mema, na hakuna haja ya kujibebesha hatia. Unapanda daladala au mwendokasi, unaanika nguo kwenye kamba, watoto wanavaa mitumba na kurithishana sare. Balbu za zamani badili kwa za LED zinapoungua, piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, basi. Mswaki wa mianzi achana nao.

Kwa utaratibu, ningefanya hivi. Wiki ya kwanza usibadili chochote. Bandika karatasi ukutani na kila jioni mwandike umenunua mkaa wa shilingi ngapi na kimepikwa nini. Kazi hiyo mpe mtoto mkubwa. Wiki ya pili anza kuloweka, wiki ya tatu shona kapu, na mwisho wa mwezi mkae na karatasi hiyo muone fedha iliyobaki, ambayo iende moja kwa moja kwenye kibubu cha jiko la presha. Kabla ya Machi, mhamasishe wenzako wa uani mzibue mtaro, kwa kuwa masika ikianza plastiki iliyonasa humo ndiyo inayorudisha maji ndani.

Na jiko lako la mkaa usiligawe wala usiliuze hata baada ya yote hayo. Umeme utakatika siku moja ukiwa na maharage nusu mabichi, na Jumapili mama atalihitaji kwa wali wake.